Kaburi Lililopimwa Kutoka Majini

Uvumi ulimkuta Dorotea kwenye cherehani, barazani kwake Butimba, akipunguza suruali ya mtumba ya mtu mwenye haraka. Aliyeuleta ni jirani yake Prudencia, mwanamke ambaye akikuambia "mimi si msemaji" ujue ameshapita nyumba tatu kabla ya kwako. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauliza habari za uchumba wa Modesta, akausifu, akausifu tena, kisha akashusha sauti. Watu wanasema, siyo yeye, kwamba ukoo wa marehemu Chenge, mume wa Dorotea, hauna kaburi la babu. Kwamba babu huyo, Ndalahwa, alikuwa mtu wa kuokotwa, aliyeshushwa na mtumbwi baada ya kufukuzwa kwao, na siku alipokufa hakupatikana ndugu wa kumzika, akatupwa.

"Na wale Wahaya unawajua, mama Modesta," akamalizia. "Kwao mtu ni kaburi la babu yake ndani ya migomba. Ukiwaambia huna, wanakuona umeota kama uyoga."

Alipoondoka, Dorotea aligundua kwamba mguu mmoja wa suruali ameushona ukafungwa kabisa, kama mfuko wa kunde.

Ulikuwa uvumi wa kijinga, na yeye alikuwa na kila sababu ya kuucheka. Hakuolewa kutoka mbali. Alizaliwa hukohuko ghubani, upande wa Kigongo kwenye kivuko, nyumba ya nne kutoka kwa Ndalahwa. Alikuwa na miaka sita walipomzika mzee huyo, akala nyama ya msibani kwa mikono yote miwili. Alijua maiti yake ilifungwa ndani ya ngozi ya dume la ng'ombe la rangi gani. Alijua pia kwamba kaburi lenyewe limelala chini ya maji tangu mvua zile za mwaka wa Uhuru, ziwa lilipopanda likala mashamba, likala njia, likala mji wa Ndalahwa na uzio wake, na lisirudi lilikotoka. Yote hayo angeweza kumwambia Prudencia kwa sentensi moja. Badala yake aliubeba uvumi siku nne nzima kama mtoto mgongoni, akiutikisa na kuubembeleza, na mwisho ukaanza kufanana naye.

Siku ya tano ikaja barua kutoka Kagera.

Modesta alikuwa mwalimu, amehitimu chuo palepale Butimba, na huko chuoni ndiko alikopatana na Renatus, kijana wa Kihaya, mpole, asiyependa kelele. Renatus alikuwa amepangiwa shule ya Buswelu, wakati huo Buswelu bado ni mawe na mihogo, na watoto wa darasa la kwanza hawajui neno la Kiswahili. Wazazi wake, mzee Rugambwa na mama Felicitas, walikuwa wameshakuja mara moja kujitambulisha. Sasa waliandika kwamba watapanda meli mwezi wa saba kuja kumaliza mazungumzo, na mama Felicitas angependa, ikiwezekana, aonyeshwe walipolala wazee wa binti, awasalimie. Ndivyo walivyozoea kwao. Ombi la adabu, mistari miwili, na salamu kwa wote.

Dorotea aliisoma barua mara tatu, na kila mara ilizidi kuwa mbaya. Wamesikia. Prudencia kafika hadi Bukoba. Alichukua khanga, akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake, na hapo ndipo akili zilipoanza kumwagika.

Tuseme kidogo kuhusu huyo shemeji. Aliitwa Mashimba, mdogo wake marehemu, na kwa kuwa marehemu hayupo ndiye aliyekuwa baba wa shughuli. Alikuwa karani wa pamba mpaka chama chao cha ushirika kilipoyumba wakampunguza, na tangu hapo akawa kila kitu. Ilikuwa miaka ya ruksa. Aliyekuwa na sahani moja alifungua hoteli, aliyekuwa na redio alifungua ukumbi. Mashimba aliuza mashati ya mitumba, akaacha. Akajaribu minofu ya sangara, ikamwozea. Mwisho akagundua kwamba mjini wametokea watu waliotajirika upesi kwa samaki, wana magari na nyumba za ghorofa, na kitu pekee wasichonacho ni babu. Basi akaanza kuwatafutia. Alikuwa na suti moja ya rangi ya maziwa ya mgando na bomba la plastiki la kupitishia maji, ambalo ndani yake alikunja ramani za zamani. Alitembea nalo kwapani kama askari na bunduki. Ramani alizipata kwa mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuwashikia wapima ardhi mnyororo, na kila akizikunjua juu ya meza ya mtu alinyamaza kwanza, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo.

Dorotea alimweleza yote, uvumi na barua, bila kubakiza. Mashimba alisikiliza akitikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa mlangoni. Akaitisha kikao cha ukoo Jumapili baada ya misa.

Kikao kikakaa; ukiacha Dorotea, waliomzika mzee walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki walikulia mjini. Ramani ikakunjuliwa, ikawekewa vikombe pembeni isijikunje. Na hapa lazima isemwe kweli: palikuwa na kitu cha kuona. Karibu na mstari wa bluu wa ghuba, kwa herufi ndogo nyeusi zilizopigwa chapa, paliandikwa Ndalahwa. Jina la babu wa watu, kwenye karatasi ya serikali ya kikoloni. Shangazi mmoja alilia. Dorotea mwenyewe alinyoosha kidole akaligusa jina, akakumbuka sauti ya yule mzee akiwafukuza watoto kwenye viazi vyake. Ramani haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa limevaa suti.

Mashimba alitoa rula. Akaeleza kwamba kwenye karatasi hii sentimita mbili ni kilomita moja. Kutoka majini mpaka kwenye nukta ya nyumba ni nusu sentimita. Kwa hiyo mji wa babu uko mita mia mbili na hamsini kutoka ziwani, na mwenye kamba ataufikia akiwa amefumba macho. Watapima, watapata mahame, watajengea kaburi, Wahaya wataona, na mji mzima utafunga mdomo.

Dorotea alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Alisema, na haikuwa sauti kubwa:

"Shemeji, Ndalahwa yuko majini. Ziwa lilimfuata mwaka wa Uhuru. Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Darasa la ngapi?"

"La tatu."

Mashimba aliwageukia wanaume. "Basi tuikunje ramani ya serikali, tufuate kumbukumbu za darasa la tatu." Wakacheka. Akaendelea kwa upole wa mtu aliyeshinda: "Shemeji, ziwa liliwekwa pale na Mungu. Unataka kuniambia alilisogeza bila kuwaarifu wapima ardhi? Halafu fikiri. Ukiwaambia wale watu kwamba mzee yuko majini, umewaambia nini? Umewaambia alitupwa. Umeuthibitisha uvumi kwa mdomo wako, wewe mama wa bibi harusi."

Hilo ndilo lililomfunga. Alijua anachokijua, lakini alimwona Modesta ameketi karibu na dirisha, amesuka nywele vizuri, akimtazama baba yake mdogo kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu. Aliogopa. Akainuka akaenda jikoni kutazama wali, na wali ulikuwa hauna shida yoyote.

Siku ya kupima walikwenda kwa pikapu ya kukodi, Mashimba mbele na bomba lake, ukoo nyuma. Kigongo kivuko kilikuwa kinapakia malori ya kwenda Busisi. Wao walikata kushoto, wakafuata njia ya ng'ombe mpaka kwenye ufuko uliolala, tambarare, wenye matete na wavuvi wanaotengeneza nyavu. Dorotea hakuwa amefika huko tangu operesheni ya vijiji ilipowahamisha waliobaki. Alitazama maji. Pale ambapo mitumbwi ilikuwa imefungwa ndipo palipokuwa na shamba la mtama la baba yake. Ndani zaidi, kule ambako vyelezo vya nyavu vilikuwa vinacheza, ndiko kwa Ndalahwa. Angeweza kunyoosha mkono akawaonyesha. Mkono ulikuwa umeshika chupa ya chai.

Mashimba alikanyaga mpaka viatu vilipolowa, akaweka ncha ya kamba ya katani kwenye wimbi, akaamuru ivutwe. Yule mzee wa mnyororo, walipomwuliza siku walipoichukua ramani, alikuwa amewaambia waanzie kwenye kitu kisichohama, njia panda au mlima. Mashimba aliona huo ni usumbufu, kuna jua. Kamba ilikuwa ya mita hamsini. Waliivuta mara tano, ikapinda kwenye kichaka, ikapinda kwenye mfereji, na mwisho wake wakakuta kile walichokuwa wanakitaka: uzio wa minyaa iliyozeeka, na katikati yake kilima kirefu cha mawe yaliyopangwa kwa mkono.

Wanaume walivua kofia. Yule shangazi akalia tena. Mashimba alifunga macho akasema anausikia uwepo wa mzee.

Kikongwe mmoja alikuwa amekuja taratibu kutoka kwenye nyumba za juu, ameegemea mpini wa jembe. Aliitwa Wilhelmina, na alikuwa amekaa hapo miaka yote, kwani operesheni ilimkuta mgonjwa ikamruka. Alisalimia, akafungua mdomo kuuliza jambo. Mashimba hakumwacha amalize. Alimwambia kwamba eneo hili ni la ukoo, ramani ipo, na kama amekuja kudai mipaka atamkuta mwenyekiti wa kijiji. Bibi akamtazama juu mpaka chini, suti yote, akageuza jembe lake akarudi.

Kaburi lilijengwa kwa wiki tatu. Michango ilipitishwa nyumba kwa nyumba. Likawekwa saruji, likawekwa vigae vya bluu na vyeupe kama vya bafu la hoteli, likawekwa msalaba, ingawa Ndalahwa hakuwahi kubatizwa na asingekubali hata angelipwa ng'ombe. Jina likachongwa kwa herufi za dhahabu. Mafundi walikuwa wa kijiji hichohicho. Baadaye walipoulizwa kwa nini hawakusema, walijibu kwamba fundi hujenga anapoonyeshwa, na kwamba huyo bwana mwenye bomba alishawaambia yeye ndiye mwenye elimu.

Wakwe wakaja. Mzee Rugambwa alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyestaafu kazi ya misitu. Mama Felicitas alikuwa mnene kiasi, mwenye macho ya kukagua na mikono ya kulima. Walipokelewa, wakalala salama, na asubuhi yake wakapakiwa kwenye magari mawili, pamoja na Renatus, Modesta, mbuzi wawili waliokwisha kuchinjwa, na katekista wa kubariki.

Pale kaburini vigae viling'aa mpaka vikaumiza macho. Felicitas alitikisa kichwa kwa heshima. Mambo yangeweza kuishia hapo: salamu, baraka, wali. Lakini Mashimba alikuwa ameandaa hotuba, na mtu aliyeandaa hotuba hata mvua ya mawe haimzuii. Alieleza ramani. Alieleza rula. Alieleza kamba. Kisha akapandisha sauti:

"Ndugu zetu, tunajua mmesikia maneno. Wapo wanaosema mzee wetu alikuwa mtu wa kuokotwa, aliyefukuzwa kwao, aliyetupwa kama mzoga. Leo mmejionea wenyewe."

Felicitas alimgeukia mumewe. Mumewe akainua mabega. Hawakuwa wamesikia chochote. Hakuna aliyekuwa amefika Bukoba na uvumi wa Butimba. Ulikuwa umefungiwa vizuri kifuani mwa Dorotea na mdomoni mwa Prudencia, na sasa Mashimba ameufungua mbele ya wageni, akaumimina kwenye masikio yao kwa kipaza sauti cha kukodi. Dorotea alielewa saa ileile kwamba barua ilikuwa barua tu.

Wilhelmina akatokea. Safari hii alikuwa na wajukuu nyuma yake, na kijiji kidogo cha watazamaji. Alipita katikati ya wageni, akazunguka kaburi, akagusa vigae kwa kucha, akauliza swali kwa Kisukuma. Waliojua Kisukuma wote wakatazama chini.

Mashimba akatabasamu. "Bibi huyu anasema alimfahamu sana mzee Ndalahwa. Anashukuru tumemkumbuka."

Felicitas aliguswa. Alimshika bibi mikono yote miwili, akampa shikamoo, akaomba aulizwe huyo mzee alikuwa mtu wa namna gani. Mashimba akauliza kitu, haijulikani nini. Bibi akacheka mpaka akaonyesha meno mawili yaliyobaki, akajibu kwa kirefu, akipinda mikono juu ya kichwa chake kuonyesha jambo.

"Anasema alikuwa mwenye nguvu," Mashimba akatafsiri, "na mpole kwa watoto."

Dorotea alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Alikuwa amesikia kila neno, na bibi alikuwa amesema waziwazi kama mtu anayeita kuku. Hatua tatu. Alikuwa na mdomo, alikuwa na Kiswahili, alikuwa na haki ya mama. Alijiambia asubiri kidogo. Alijiambia labda watakwenda kula sasa. Na wakati anajiambia hayo, mama Felicitas alitandika khanga yake kwenye saruji, akatoa rozari, akapiga magoti.

"Mama, inuka," alisema Renatus.

Alisema taratibu. Mama yake akageuka.

"Inuka, mama. Bibi anasema hapa wamefukiwa ng'ombe. Kumi na mmoja, waliokufa kwa kimeta. Bwana mifugo aliagiza wawekewe mawe fisi wasifukue, na minyaa ipandwe kuzunguka watu wasije wakalima. Anauliza kwa nini tumewajengea." "Ulipouliza alikuwa mtu wa namna gani, aliuliza yupi, yule mwenye pembe zilizopinda au yule mweusi wa mume wake."

Hakuna aliyecheka isipokuwa wajukuu wa bibi, na hao wakazibwa midomo. Mashimba alisema kijana ameelewa vibaya, Kisukuma ni lugha nzito, siyo ya kujifunza ukubwani. Renatus alimgeukia Wilhelmina, akamsalimia kwa Kisukuma chake cha watoto wa darasa la kwanza, akamwomba radhi kwa usumbufu, na bibi akaitikia kama mtu anayeitikia kwao.

Mzee Rugambwa ndiye aliyeomba ramani. Aliikunjua juu ya boneti, akavaa miwani, na jambo la kwanza alilofanya ni lile ambalo Mashimba hakuwahi kulifanya katika maisha yake ya kutafutia watu babu: alisoma mwaka ulioandikwa chini. Elfu moja mia tisa hamsini na tano. Akainua macho akatazama ghuba. Akaonyesha kwa kidole kilima kidogo cha mawe kilichochorwa kwenye karatasi kikiwa kimeshikana na nchi kavu, halafu akaonyesha kilima hichohicho pale mbele yao, kisiwa, yangeyange wamejaa juu yake, maji pande zote.

"Ramani hii haina kosa," alisema. "Ninyi mmeianzia mahali panapotembea. Mzee wenu yuko kule." Na akaelekeza kule kwenye vyelezo vya nyavu, akavua kofia yake, akasimama hivyo kwa muda, mtu pekee aliyemsalimia Ndalahwa siku ile.

Felicitas alikuwa amekwisha kuinuka, anakung'uta khanga. Hakuwa na hasira ya kupiga kelele. Ingekuwa nafuu.

"Mkwe," alimwambia Dorotea, "mngenipeleka pale ukingoni mkaniambia yumo humu, ningepiga magoti kwenye matope. Kwetu pia ziwa limekula makaburi. Sikuomba vigae."

Dorotea akasema kwamba walikosea, kwamba hawakujua.

Modesta ndiye aliyegeuka. "Mama. Wewe si ulizaliwa hapa?"

"Nilisema," Dorotea akajibu. "Nilisema kwenye kikao, ulinisikia."

"Nilikusikia ukisema mara moja, kisha ukaenda kutazama wali. Nikajua huna uhakika." Modesta alikuwa hatazami tena kaburi wala wakwe. "Na leo? Bibi alipokuwa anasema, ulikuwa umesimama pale."

Felicitas akalichukua neno kwa mara ya mwisho, akizungumza na mumewe lakini kwa Kiswahili, ili wote wasikie: kwamba babu wa binti si tatizo, awe majini, awe angani. Tatizo ni watu wazima ishirini waliosimama wakamwacha apige magoti kwa ng'ombe, na mmoja tu, mtoto wake mwenyewe, ndiye aliyemwambia ainuke. Mjukuu wake akiugua katika nyumba ya watu kama hao, nani atamweleza ukweli?

Hawakula. Walikunywa maji, wakashukuru, wakaondoka na gari la kwanza. Barua ilikuja baada ya mwezi, ya adabu kama ile nyingine, mistari michache, na salamu kwa wote. Renatus aliomba uhamisho akarudi Kagera. Alikuja kumuaga Modesta, wakakaa barazani mchana kutwa, na Dorotea aliwaona kupitia dirisha, anajifanya anapanga vitambaa. Modesta naye akaomba shule ng'ambo ya Busisi, akapata. Huja Krismasi. Humpa mama yake shikamoo vizuri, huuliza habari za mgongo, kisha huketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango.

Prudencia alikuja kumpa pole. Alipoulizwa nani hasa alimwambia habari ile ya babu wa kuokotwa, alifikiri sana, akasema hakumbuki, labda alichanganya na ukoo mwingine.

Mashimba anaendelea vizuri. Alisema Wilhelmina alitumwa na watu wenye wivu. Ameongeza bomba la pili na suti nyingine, na wapo watu wa kutosha mjini hapa, wenye shule kuliko Dorotea, wanaomkaribisha sebuleni wakamwekea soda. Lile kaburi bado lipo. Wanawake wa Kigongo huanika dagaa juu yake. Wanasema vigae vinakausha upesi na mchanga hauingii.

Kwa mama mwenye binti wa kuposwa, mambo ya kuepuka ni haya:

Usibebe uvumi siku nne. Siku ileile mjibu aliyeuleta, mbele ya mlango wako, kwa sauti.

Usiupeleke kwa mtu mwenye hotuba.

Usipime nchi kuanzia majini. Ziwa hupanda na hushuka. Anzia mlimani, au njia panda ya zamani kama bado ipo.

Usisome jina kwenye ramani kabla hujasoma mwaka.

Usimfukuze bibi wa mahali kabla hajamaliza kuuliza.

Usijengee mawe usiyojua yamefunika nini. Kama ni kimeta, usiyaguse kabisa, na watoto wakae mbali.

Usikanushe neno mbele ya mgeni ambaye hajalisikia.

Usidhani mgeni hajui lugha yenu. Amefundisha watoto wenu.

Usiseme mara moja kwenye mkeka halafu ukaenda jikoni. Wali hauungui. Kaa hapo, useme tena, na wakicheka useme mara ya tatu.